Swift Sport, Toyota 86 na Wachambuzi Wanaopima Gari Usawa wa Bahari

Toyota 86 lina nguvu farasi 200. Suzuki Swift Sport, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2017, lina farasi 140. Kwa hesabu ya karatasini ubishi umeishia hapo, na kijiweni kwetu kwa muda mrefu ndivyo ulivyokuwa ukiishia. La kwanza ni gari la spoti kamili: milango miwili, unakaa chini, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. La pili ni hachibeki ya kawaida, gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo, iliyotiwa ukali: gari la kwenda sokoni ambalo kiwanda kimelifunga tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na kulikazia springi. Wachambuzi wa Ulaya nao walisimama upande huohuo. Top Gear walilitangaza 86 kuwa gari lao la mwaka 2012. Swift Sport lilipofika Uingereza mwaka 2018 walilipanga pembeni ya Ford Fiesta ST, na wengi wakahitimisha kwamba mwenye akili achukue Ford.

Mimi naendesha Swift Sport hilo. Shemeji, mume wa dada yangu, anaendesha 86. Wote tuko Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo hesabu ya karatasini inapogeuka.

Injini ya 86 haina tabo, inavuta hewa yenyewe. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 13 hivi, na injini ya namna hiyo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Farasi 200 wanabaki kama 174. Swift lina tabo, na tabo ikikutana na hewa nyepesi huzunguka kwa kasi zaidi mpaka presha inayotakiwa ifike, kwa hiyo kinachopotea ni kidogo. Sasa gawa kwa uzito. 86 lina kilo 1,230 hivi, Swift kilo 970. Ukiwa Dar, 86 lina farasi 163 kwa kila tani na Swift lina 144. Pengo hilo unalisikia mgongoni ukikanyaga mafuta. Ukiwa Arusha, 86 linashuka hadi 141, na Swift linabaki karibu palepale lilipokuwa. Gari la spoti na hachibeki vimekuwa sawa. Katika yote niliyosoma kabla ya kuagiza gari langu sikukuta mtu aliyelieleza jambo hili, na sababu yake ni nyepesi: wengi wa wachambuzi ninaowafuata wanaishi na kupima magari mahali ambapo barabara zao ziko chini.

Niseme kidogo ninakotokea. Kazi yangu ni udereva wa watalii. Sehemu kubwa ya mwaka niko ndani ya Land Cruiser la kazini, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, na masikio yangu yamezoea kusikiliza shokapu na bushi kabla hata mgeni hajafungua mdomo. Gari zito linakufundisha subira. Linakufundisha pia kulipenda gari jepesi, kwa sababu ukitoka kwenye tani tatu ukaingia kwenye tani moja, usukani unaanza kukwambia mambo uliyokuwa ukiyabahatisha: lami imebadilika, tairi la kushoto mbele limekanyaga mchanga, breki zimeanza kupata moto. Napenda magari kwa ajili ya mazungumzo hayo. Kasi ni jambo la pili kwangu, na barabarani sishindani na mtu.

Barabara iliyonifundisha tofauti ya magari haya mawili ni ile inayopanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kuelekea Rhotia na Karatu. Ni lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani, na imepinda vizuri. Upande mmoja una ukuta wa mawe, upande mwingine Ziwa Manyara linazidi kuwa dogo chini yako. Nyani wanakaa barabarani kana kwamba wamelipia ardhi. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza, kwa hiyo hata ukitaka wazimu hupati nafasi. Mwendo mzuri wa pale ni kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, na mara nyingi ni chini ya hapo.

Shemeji akaniachia usukani wa 86 pale chini, kwenye tambarare ya migomba. Kona mbili za kwanza zilitosha kunionyesha kwa nini dunia nzima ililisifu gari hili. Unakaa karibu na lami. Injini yake bapa imelala chini kabisa mbele yako, kwa hiyo gari haliyumbi ukiligeuza. Linageuka lote kwa pamoja, wewe ukiwa katikati. Usukani hauna uzito wa kuigiza. Ukiongeza mafuta kidogo katikati ya kona, unasikia nyuma inajipanga upya, sentimita chache tu, na mkono wako unajua la kufanya kabla hujafikiri. Tairi lilizotoka nazo kiwandani, Michelin Primacy HP, zilikuwa za aina ile iliyofungwa pia kwenye Prius, gari la Toyota la kubana mafuta. Toyota walifanya hivyo makusudi, ili gari lianze kucheza kwa mwendo wa kawaida badala ya kusubiri mwendo wa kujiua. Wachambuzi walilieleza jambo hilo vizuri sana, na kila walichosema juu ya kona nilikikuta pale, neno kwa neno.

Halafu mlima ukaanza.

Injini ya 86 ina shimo la nguvu kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika, jambo ambalo wachambuzi nao waliliandika. Nguvu yake yote ya kuvuta, Nm 205, inapatikana juu kabisa, karibu na mizunguko 6,500. Kwenye tambarare ya Ulaya unalivuka shimo hilo kwa sekunde moja na kusahau. Kwenye mlima wa Manyara, ukiwa gia ya tatu kwa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mshale unakaa ndani ya shimo hilohilo, na hewa nayo imekwisha kukunyang'anya sehemu ya ulichokuwa nacho. Unashuka gia ya pili. Injini inapiga kelele, inaamka, unafurahi, halafu mbele kuna lori la mbao na inabidi uanze upya. Nilipofika juu kwenye kituo cha kutazamia ziwa, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefanya kazi kuliko mguu.

Swift Sport pale mlimani ni habari nyingine. Nm 230 zinapatikana kuanzia mizunguko 2,500, kwa hiyo gia ya tatu inatosha karibu kila mahali. Lori likikupa nafasi, unakanyaga, unapita, unarudi upande wako. Kwenye kona halina ulaini wa 86. Ukilazimisha mafuta mapema, gurudumu la ndani la mbele linateleza, kwa kuwa halina difu ya kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure, na pua inatoka nje. Sauti yake haina wimbo. Wachambuzi waliolalamika kwamba injini ya toleo lililotangulia, ile ya lita 1.6 isiyo na tabo, ilikuwa na raha zaidi ya kuizungusha hadi juu wana haki yao; nimeiendesha ile nayo, inaimba. Lakini raha hiyo ya kuimba ndiyo inayoliwa na mlima, na mimi naishi mlimani.

Kwa hiyo kwenye mlima hachibeki ikashinda kwa nguvu, gari la spoti likashinda kwa kona. Kama habari ingeishia hapo, ningesema kila mtu achague anachopenda. Lakini gari halikai mlimani siku nzima. Linashuka, linaingia kijijini, na kijijini kuna matuta.

Hili la matuta nataka nilieleze kwa urefu, kwa kuwa ndilo linaloamua. Watu husema gari la spoti haliwezi matuta yetu kwa sababu liko chini. Ukweli ni kwamba Swift Sport nalo liko chini; ukipima kimo cha tumbo, tofauti ya magari haya mawili si ya kujivunia. Kinachotofautisha ni urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. 86 lina milimita 2,570, Swift 2,450. Sentimita 12 hizo maana yake ni kwamba tuta likiwa katikati ya magurudumu, tumbo la 86 linakaa karibu nalo zaidi. Tuta lililojengwa kwa vipimo halina shida. Shida ni lile ambalo wanakijiji wamelipandisha wenyewe baada ya mtoto kugongwa, na siwezi kuwalaumu. Shemeji huvuka la aina hiyo kwa mshazari, gurudumu moja moja, taa za tahadhari zikiwaka, na daladala nyuma yake zikipiga honi. Mimi huvuka polepole, moja kwa moja. Hakuna mchambuzi wa Ulaya anayeandika kipimo cha kuvuka tuta, ila urefu wa ekseli kwa ekseli wote wanauandika, na sasa ni namba ya kwanza ninayoitafuta.

Namba ya pili ni ubavu wa tairi. Swift Sport lilitoka kiwandani na tairi za 195/45 za rimu ya inchi 17. Asilimia 45 ya milimita 195 ni kama 88, huo ndio mpira wote ulio kati ya rimu na shimo la barabarani. Tairi la 86, 215/45 kwenye rimu ya inchi 17, lina ubavu wa karibu milimita 97, kwa hiyo hapa gari la spoti lina unafuu. Niliuza rimu za inchi 17 nikafunga za inchi 16 zenye tairi za 195/50, ubavu ukapanda hadi milimita 97 na kitu, na mzunguko wa tairi ukabaki karibu uleule, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Gari halikupoteza chochote ninachokipenda. Usukani ulilegea kidogo sana katika mguso wa kwanza, na badala yake nikaweza kwenda Karatu usiku bila kushika roho mkononi. Tairi za saizi ya inchi 16 nazipata mjini Arusha kwa urahisi zaidi. Kwa anayetaka kuagiza gari la aina hii, ushauri wangu ni aulize bei na upatikanaji wa tairi kabla hajauliza farasi.

Na kuna watu. Mama yetu, mama yake shemeji, anatoka Marangu kuja kututembelea. Magoti yake yanamsumbua. Kumwingiza kwenye 86 ni shughuli: kiti kiko chini, mlango ni mrefu hauwezi kufunguka wote ukiwa umeegesha karibu na gari jingine, kitenge kinanasa, anashika paa kwa mkono mmoja na bega la mwanawe kwa mwingine. Hakulalamika hata siku moja. Alipoingia kwenye Swift kwa mara ya kwanza alikaa tu, akafunga mlango mwenyewe, akaniambia, "Hili lako, mwanangu, limekaa kama gari." Kwa upande mwingine, ukilaza kiti cha nyuma cha 86 buti lake linameza tairi nne, na Toyota walilipanga hivyo ili mtu aende nalo uwanjani akabadilishe tairi za mashindano. Shemeji hupakia vifaa vyake vya kazi humo. Si gari lisilo na faida, ni gari linalomchagua abiria wake.

Sasa niwageukie wachambuzi, maana nimewasoma na kuwatazama kwa mapenzi tangu nilipopata simu yenye intaneti, na sitaki nionekane nawadharau. Msimu mmoja nilimpakia mgeni Mwingereza mstaafu aliyekuwa ameandikia jarida la magari kwa miaka mingi. Alikaa kiti cha mbele, na kila tulipopita kwenye mawimbi ya vumbi alikuwa anasikiliza shokapu kama ninavyosikiliza mimi. Tukaelewana siku hiyohiyo. Alinieleza kazi inavyokwenda. Gari jipya linapotoka, kampuni huwaalika waandishi Hispania au Ureno, kwenye jua na lami laini. Tiketi, hoteli na chakula ni vya kampuni. Barabara ya kujaribia imechaguliwa na kampuni. Gari lina tairi mpya na tenki limejaa. Baada ya hapo mwandishi anaweza kupewa gari nyumbani kwa wiki moja, kisha linakuja kuchukuliwa. Makala zote hutoka siku na saa moja iliyokubaliwa. Nikamuuliza kama aliwahi kununuliwa. Akasema hapana, na kwamba hatari kubwa aliyokutana nayo haikuwa rushwa: ilikuwa kwamba hakuwahi kulipia tairi, hakuwahi kulipia sevisi, na baada ya miaka mingi ya kuendesha magari mapya kila wiki alianza kuchoshwa na magari mazuri ya kawaida na kutamani yenye vituko.

Hilo la mwisho limenisaidia kuliko lolote. Mtu aliyeendesha Porsche juzi na Civic Type R jana, akiingia kwenye Swift Sport leo ataliona dogo. Anasema kweli yake. Ila mimi natoka kwenye Land Cruiser, na mwenzangu anatoka kwenye IST. Gari anayoishuka mchambuzi ni sehemu ya hukumu yake, na haiandikwi.

Shinikizo la fedha nalo lipo, na kuna kumbukumbu zake. Dan Neil wa Los Angeles Times alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2004 kwa uchambuzi wake wa magari. Mwaka uliofuata, baada ya kuandika kwa ukali juu ya gari moja la Pontiac, General Motors waliondoa matangazo yao kwenye gazeti hilo. Mchambuzi Mwingereza Chris Harris aliandika mwaka 2011 jinsi Ferrari walivyokuwa wakiyaandaa magari ya waandishi na kutaka kujua yatapimiwa wapi, na baada ya hapo akafungiwa milango kwa muda. Upande wa pili kuna Consumer Reports wa Marekani, shirika lililoanza mwaka 1936, ambao hununua magari yao wenyewe dukani bila kujitambulisha. Maandishi yao hayana mbwembwe, na ninapotaka kujua gari litakuwaje likitimiza miaka mitano ndio ninaowaamini kwanza.

Na wapo wachambuzi waliotupa magari yenyewe. Bob Hall alikuwa mwandishi wa magari Mmarekani aliyezungumza Kijapani. Mwaka 1979 alimweleza Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia imekosa gari dogo jepesi la wazi, kama yale Waingereza waliyokuwa wakiyatengeneza zamani. Baadaye Mazda wakamwajiri. Mwaka 1989 MX-5 likaonyeshwa Chicago, na mpaka leo hakuna gari la wazi la viti viwili lililouzwa zaidi yake. Mwandishi aliyejua anachokipenda, na akaweza kukieleza mpaka mhandisi akakielewa, alifanya kazi kubwa. Hata Golf GTI lilianza na kundi dogo la watu wa Volkswagen waliolifanyia kazi nje ya ratiba rasmi, mhandisi Alfons Löwenberg akiwa miongoni mwao. Lilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975, mpango ulikuwa magari 5,000 tu. Toleo lile la kwanza liliuzwa zaidi ya 460,000, na sehemu kubwa ya sifa zake ilienezwa na waandishi walioona kwamba hachibeki ya kilo 800 na kitu inaweza kuyasumbua magari ya spoti ya bei mara mbili.

Kwa hiyo namsikilizaje mchambuzi? Naanza na gari ninalolijua. Kabla sijamwamini mtu juu ya gari ambalo sijaliona, natafuta alichosema juu ya gari nililoendesha mpaka nikalichoka: RAV4, Vitz, Land Cruiser la springi za majani. Nikikuta amelihisi nilivyolihisi, ameutaja ule mtikisiko wa nyuma ninaoujua, ameusikia ule uzito wa klachi, basi huyo tuna mwili mmoja, na akisema Swift Sport ni gumu mgongoni najua atakuwa amesema kweli. Nikikuta gari ninalolijua amelisifia kwa kitu ambacho halina, naendelea kumtazama kwa burudani, pesa yangu haimfuati.

Jambo la pili, huwa naacha hukumu na kuchukua maelezo. Nyota nne kati ya tano hazinisaidii. Kinachonisaidia ni pale anaposema gari lilirukaruka kwenye lami iliyoviraka, au kiti kilimuuma paja baada ya saa mbili, au ilibidi ashuke gia mbili kumpita mtu. Na ulinganisho wake naupima kwa soko letu. Wale waliosema Fiesta ST ni bora kuliko Swift Sport huenda walikuwa sahihi kabisa, lakini Ford walijiondoa Japani mwaka 2016, na magari yetu mengi yanatoka kwenye minada ya Japani. Gari lililoshinda kule, kwetu halikuwepo kwenye mashindano.

Wachambuzi wetu wa Kiswahili wanaongezeka, na nafurahi, kwa sababu wao wanajua matuta na tochi za trafiki. Naomba jambo moja kwao: waseme gari ni la nani. Wengi wanaosimama mbele ya kamera ni wauzaji, au wameazimwa gari na muuzaji, na mtazamaji anastahili kulijua hilo kabla hajaambiwa kwamba gari ni la kuwasha na kuondoka. Kuuza si dhambi. Ila sentensi moja ya kueleza uhusiano huo ingewajengea heshima kuliko taa zote za studio.

Mtu ninayemwamini zaidi katika safari nzima ya kuagiza gari hana kamera. Ni yule mkaguzi wa mnada wa Japani anayechora gari kwenye karatasi na kuweka herufi: A kwa mkwaruzo, U kwa palipobonyea, na daraja juu kwenye kona. Hajali kama unalipenda gari. Swift langu lilikuja na daraja 4 na mikwaruzo midogo kwenye bampa la nyuma, na lilipotoka bandarini Dar niliikuta mikwaruzo ile mahali palepale ilipochorwa. Karatasi yenye R, gari lililowahi kufanyiwa matengenezo ya fremu, niliipita hata bei ilipokuwa tamu. Baada ya mkaguzi huyo anafuata fundi. Kabla ya kulipia chochote nilikwenda kwa mafundi wanaoyafungua magari haya, nikauliza kitu gani kinakufa kwanza na spea inatoka wapi. Fundi hakwambii gari lina raha. Anakwambia litakurudisha kwake lini.

Mafuta nayo yaangaliwe. Magari yote mawili Japani hupewa petroli ya daraja la juu, ile wanayoiita haioku, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni 100 hivi. Injini ya 86 ina mgandamizo mkubwa, 12.5 kwa moja, kwa hiyo petroli ya chini huifanya icheleweshe cheche ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake, na nguvu nyingine inapotea tena. Shemeji hujaza kwenye vituo anavyoviamini tu. Mimi pia.

Sasa shemeji anataka kuuza 86 lake achukue GR86, toleo la 2021 lenye injini ya lita 2.4. Alinipigia juzi. "Shemeji, wachambuzi wanasema shimo la nguvu limekwisha." Ni kweli, nguvu yake ya kuvuta, Nm 250, sasa inafika kwenye mizunguko 3,700, pale hasa 86 la zamani lilipokuwa likilala. Tukapiga hesabu pamoja kwenye simu. Farasi 235, kilo 1,270, inakuja 185 kwa tani. Toa ile asilimia 13 ya hewa yetu: inabaki 161. Akanyamaza kidogo, kisha akasema namba hiyo anaijua. Ndiyo, ni karibu ileile ambayo 86 la mwaka 2012 lilikuwa nayo usawa wa bahari, siku zile waandishi walipolipa tuzo. Kwa mara ya kwanza atakuwa na gari lile walilokuwa wakiliandika, huku juu anakoishi. Matuta yatabaki yaleyale, na urefu wa ekseli kwa ekseli umeongezeka kidogo, milimita 2,575, nikamwambia. Amesema ataendelea kuvuka kwa mshazari. Ninamtafutia mtu mwenye GR86 Arusha au Nairobi amwachie usukani kabla hajatuma hela Japani, na karatasi za mnada ameanza kunitumia tangu jana usiku.